Nyumba, Kichwa, Mita

Anayesimama mlangoni kwake na kumwambia mdai "sina hela" anatumia neno ambalo wadai wenyewe ndio waliolileta. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya shaba iliyoingizwa Afrika Mashariki na Wajerumani mwaka 1904, rupia moja ikawa heller 100 badala ya pesa 64 za zamani. Mjerumani akaondoka na sarafu yake ikafa. Jina limebaki, na limebaki zaidi katika sentensi za kukosa: sina hela, hela imeisha, hela utapata kesho.

Kwa watu wengi wa bara, sarafu hiyo na rupia iliyoitangulia hazikutafutwa kwanza kwa ajili ya duka. Zilitafutwa kwa ajili ya boma. Novemba 1897 Gavana Eduard von Liebert alitangaza kodi ya nyumba, na kuanzia tarehe 1 Aprili 1898 kila kibanda cha shamba kikatakiwa kutoa rupia 3 kwa mwaka, nyumba za mjini zikitozwa zaidi. Ushuru wenyewe haukuwa jambo geni. Mwambao ulikuwa umeshazoea forodha za Sultani wa Zanzibar, misafara ilitoa hongo kwa kila mtawala iliyempitia, na watemi walipelekewa jembe, pembe au siku za kulima. Jipya lilikuwa hili la kulipia kulala chini ya paa ulilolijenga mwenyewe, kwa miti uliyoikata mwenyewe, na kulipia tena mwaka ujao hata kama hukulitumia kuvunia chochote.

Liebert na wenzake hawakuficha nia. Hazina ilihitaji fedha, lakini mashamba ya walowezi yalihitaji watu, na mtu mwenye mtama ghalani na mbuzi zizini hana sababu ya kuamka alfajiri kwenda kupalilia kahawa ya mgeni. Ukimdai kitu asichoweza kukichuma shambani kwake, atakwenda kukitafuta kilipo.

Lakini kudai ni kazi ya miguu. Wajerumani walikuwa wachache mno kuweza kupita kijiji kwa kijiji, kwa hiyo wakarithi na kupanua utaratibu wa pwani: liwali mjini, akida juu ya kundi la vijiji, jumbe katika kila kijiji. Akida mara nyingi alikuwa mtu wa mwambao, Mswahili au mwenye asili ya Kiarabu, aliyepangiwa kutawala watu ambao hakuijua lugha ya mama zao. Jumbe alikuwa mwenyeji. Yeye ndiye aliyejua nyumba ya nani iko nyuma ya mgomba upi, na katika alichokikusanya alipata fungu lake dogo. Nyuma yao alikuja askari mwenye bunduki. Watatu hao ndio waliokuwa sura ya kodi, na mpangilio wao umedumu kuliko dola iliyowatuma: mgeni mwenye daftari, jirani mwenye kujua, na kijana mwenye silaha.

Mwanzoni iliruhusiwa kulipa kwa mazao au kwa kazi. Mahindi, mtama, kuku na nta vikabebwa vichwani hadi bomani. Kaskazini mashariki mwaka wa kwanza wa kodi ulikutana na ukame, nzige na njaa kubwa ya 1898 hadi 1900, na watu waliokuwa wakichimba mizizi porini walikuwa bado wamo katika hesabu ya vibanda. Baadaye serikali ilichoka na magunia. Mwaka 1905 sheria ilisisitiza fedha taslimu, na aliyekosa akafanya kazi.

Aliyekosa vyote viwili alikuwa na orodha fupi ya mambo ya kutarajia. Mbuzi wake wangeswagwa. Shingo yake ingeingia mnyororoni pamoja na za wenzake, wakatengeneze barabara. Au angelazwa chini apigwe kiboko, na idadi ya viboko ilikuwa maarufu kiasi cha kugeuka jina: hamsa ishirini, yaani ishirini na tano. Kwenye vijiji vilivyokimbia, askari walichoma nyumba, jambo ambalo ukilitazama kwa macho ya karani wa mapato ni upuuzi mtupu, maana nyumba iliyochomwa haitozwi kodi mwaka unaofuata.

Na wananchi nao walijua hesabu. Kama kinachohesabiwa ni kibanda, dawa ni kupunguza vibanda. Vijana waliokuwa na umri wa kujenga wakabaki kwa baba zao, wake wawili wakabanwa chini ya paa moja, wajane wakahamia kwa kaka zao. Kote Afrika Mashariki, kwa Wajerumani na kwa Waingereza, maofisa walilalamika kwamba kodi ya nyumba inawasonga watu. Msongamano huo, ambao baadaye waganga wa serikali waliulaumu kwa kueneza magonjwa, ulikuwa kwa sehemu jibu la busara kwa mtu anayepita na daftari.

Wengine hawakuwa na subira ya hesabu. Machemba, mtawala wa Wayao katika uwanda wa Makonde, alikuwa ameshawaandikia Wajerumani mwaka 1890, kwa Kiswahili, kwamba haoni sababu ya kuwatii. Kodi ilipofika alikataa pia. Mwaka 1899 kikosi kilitumwa dhidi yake, naye akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Miaka sita baadaye, Julai 1905, Wamatumbi waling'oa pamba na vita vya Maji Maji vikaanza. Si sahihi kusema kodi peke yake ndiyo iliyowasha moto. Pamba ya kulazimishwa ilikuwa karibu zaidi na kiberiti. Hata hivyo ukitazama nani alikuwa wa kwanza kukimbia au kuuawa, utawakuta maakida, majumbe na askari, watu wale wale wa mlangoni. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000.

Watu wa Usambara hawakupigana vita hivyo, lakini mwaka 1907 walipata kipande. Wilaya ya Wilhelmstal, Lushoto ya leo, ilimpa kila mwanamume kadi iliyomtaka afanye kazi siku 30 kwa mzungu kwa ujira uliopangwa. Kadi isiyojazwa ilimpeleka mwenyewe kwenye kazi za serikali. Ndipo kodi ilipoanza kuhama kutoka kwenye nyumba kwenda kwenye mwili wa mtu.

Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliikuta mashine hii inafanya kazi na hawakuona sababu ya kuivunja. Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa ya mwaka 1922 ilikamilisha uhamisho huo. Mwenye nyumba alilipia nyumba. Mwenye wake wengi alilipia nyumba ya kila mke. Na mwanamume mzima asiye na nyumba, yule kijana aliyejificha kwa baba yake, sasa alilipia kichwa. Upenyo wa miaka ishirini na mitano ukazibwa kwa kifungu kimoja.

Kichwa kilileta shida yake. Kibanda hakina umri, kijana anao, na vyeti vya kuzaliwa havikuwepo. Simulizi za wazee katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati zinakumbuka ukaguzi uleule: kijana anaamriwa ainue mkono, karani anachungulia kwapani. Nywele zikionekana, ameshakuwa mlipa kodi.

Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alibadilisha jambo moja kubwa, nalo ni nani anayekula kutokana na kodi hiyo. Kwa sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926, maakida waliondolewa sehemu nyingi, watemi na machifu wakarudishwa au wakatengenezwa, na kila mmoja akawa na hazina yake iliyopata sehemu ya kodi iliyokusanywa kwao. Kutoka humo ulilipwa mshahara wa chifu, wa karani wake, wa hakimu wa baraza na wa tarishi. Chifu aliyekuwa akiletewa mbuzi na watu wake sasa alilipwa shilingi kutokana na kuwadai watu hao hao. Ndipo ilipozaliwa kodi ya serikali ya mitaa kama tunavyoielewa leo, pamoja na lawama yake ya kudumu, kwamba anayekuhukumu kwa kutolipa ndiye anayelipwa ukilipa.

Tarishi alikuwa dalali wa zama hizo. Alitembea na majina ya wasiolipa, aliwaita barazani, na wasiofika aliwaleta. Aliyeonekana hana kabisa aliruhusiwa kulipa kwa kazi: barabara, uwanja wa ndege, ujenzi wa boma. Wakati wa mdororo wa miaka ya 1930, bei za mazao zilipoporomoka, watu wengi mno walijikuta katika fungu hilo. Viwango vilitofautiana wilaya hadi wilaya, wenye kahawa wa Kilimanjaro na Bukoba wakidaiwa zaidi ya wengine, na wilaya zisizo na zao la biashara zililipa kwa zao lingine, yaani vijana wao. Kutoka Uha, Ubena, Ungoni na kwingineko walipanda malori na treni kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakapewa namba shingoni na kipande cha siku 30 mkononi, wakaitwa manamba. Nyumbani waliacha mashamba yasiyo na watu wa kufyeka. Wengi waliporudi, kitu cha kwanza kilichowasubiri kilikuwa stakabadhi ya mwaka waliokuwa hawapo.

Hadithi inayostahili kusimuliwa kwa kirefu ni ya Upare, kwa sababu huko watu hawakukataa kulipa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 bwana shauri wa Same, yaani afisa wa kikoloni wa wilaya, na baraza la machifu wa Kipare walibuni kodi ya nyongeza itakayotozwa kulingana na uwezo wa mtu. Juu ya kodi ya kichwa iliyo sawa kwa wote, mwenye ng'ombe wengi na kahawa nyingi angelipa zaidi. Ili ionekane ya kienyeji waliipa jina la mbiru, utaratibu wa zamani wa Wapare kumpelekea mtawala wao ushuru. Kwenye karatasi ni wazo zuri, hata leo wachumi wangelipigia makofi. Mlimani lilikuwa jambo lingine. Nani atahesabu ng'ombe, wakati ng'ombe wa Mpare wanaishi kwenye mazizi ya watu watano tofauti kwa mikopo na urafiki? Nani atasema kahawa ya fulani ilizaa kiasi gani? Kamati za makadirio zilikaa, majirani wakawakadiria majirani, na mtu akajikuta anadaiwa kwa kipimo asichokiona, kilichotolewa na mtu aliyegombana naye juu ya mfereji.

Januari 1945 wanaume walishuka kutoka milimani, Usangi, Ugweno, Mamba na kwingineko, wakatembea hadi Same, makao makuu ya wilaya yaliyoko bondeni kwenye joto na vumbi kandokando ya reli. Walikuwa maelfu. Hawakuvunja kitu. Walikaa. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi, walipokezana zamu, wanawake wakawapelekea chakula. Mmoja wa waliowaongoza ni Paulo Mashambo. Na madai yao, kama mwanahistoria Isaria Kimambo alivyoyachambua katika kijitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu mbiru, yalikuwa ya kushangaza kwa mtu anayedhani kila mgomo wa kodi ni ubahili: walikuwa tayari kodi ya kichwa ipandishwe, ilimradi iwe sawa kwa wote na ijulikane. Walichokikataa ni kupimwa gizani.

Mgogoro ulipoendelea, wanawake wa Usangi nao walimkabili bwana shauri alipofika kwa chifu wao. Simulizi zilizokusanywa baadaye na mtafiti Jean O'Barr zinasema walimpa chaguo. Amalizane na waume zao warudi nyumbani, ama sivyo awatie mimba yeye mwenyewe, wote, maana wenye kazi hiyo amewaweka Same. Ukichukulia mzaha, hukuwaelewa. Kodi ilihesabu ng'ombe na mibuni. Wao walihesabu miezi ya nyumba zisizo na waume, mashamba yasiyolimwa na watoto wasiozaliwa, na wakampelekea afisa hesabu yao.

Kufikia 1947 serikali ilikuwa imeiacha mbiru. Wapare wakaendelea kulipa kodi ya kichwa.

Uhuru ulipokuja, wengi walitarajia kwamba tarishi atapumzika. Machifu walipoteza mamlaka yao mwaka 1963, mabaraza yao yakawa halmashauri za wilaya, na halmashauri zilihitaji fedha za shule, zahanati na barabara kama ilivyohitaji serikali ya mkoloni, pengine zaidi, kwa sababu sasa wananchi walikuwa na haki ya kudai. Kodi ya mitaa ikaendelea. Mwaka 1969 serikali kuu iliifuta pamoja na ushuru wa mazao, halmashauri zikabaki zinasubiri ruzuku. Miaka mitatu baadaye halmashauri zenyewe zilifutwa katika mpango ulioitwa madaraka mikoani. Kwa zaidi ya miaka kumi hakukuwa na baraza la wilaya la kumgongea mtu mlango. Mwalimu Nyerere, alipohojiwa mwaka 1984, alitaja kufuta serikali za mitaa, pamoja na kuvunja vyama vya ushirika, kuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya.

Serikali za mitaa zilirudi kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi 1984, na kodi ikarudi nazo ikiwa imevaa jina jipya: kodi ya maendeleo. Kila mtu mzima mwenye umri wa miaka 18 na zaidi alitakiwa kulipa kiasi sawa kwa mwaka, kila halmashauri ikijipangia kiwango. Serikali ilisema maendeleo. Mitaani ikaendelea kuitwa kodi ya kichwa, na hapo mtaa ulikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko sheria.

Mkusanyaji wake alikuwa mtendaji wa kijiji au kata, na msaidizi wake mgambo. Mgambo ni kijana wa pale pale, aliyepata mafunzo ya miezi michache, mwenye sare iliyopauka, rungu, na mara nyingine bunduki ya zamani. Wakati wa makusanyo waliweka kamba barabarani na kusimamisha mabasi na baiskeli. Kila mwanamume alitakiwa atoe risiti. Asiye nayo alishushwa. Siku za gulio na mnada ndizo zilizokuwa za mavuno, kwa sababu aliyejificha nyumbani wiki nzima angekuja kuuza jogoo wake. Nyumbani kwenyewe walikamata walichokiona: baiskeli, redio, kuku, mbuzi, beseni. Wanaume wa vijijini walizoea kusoma milio ya mbwa. Gari la halmashauri lilipoonekana kwenye kona, njia za kwenda porini zilijaa watu waliokumbuka ghafla kwamba wana kuni za kutafuta.

Kuna kejeli hapa ambayo wanasheria huiona mapema kuliko wengine. Tanzania ina madalali wa mahakama, watu wenye leseni, wanaotekeleza hukumu kwa amri ya hakimu, na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, iliyofuata mfano wa India, inawafunga mikono kwa namna ya kibinadamu kabisa. Mdaiwa hawezi kunyang'anywa nguo zake za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko. Fundi hanyang'anywi vifaa vyake. Mkulima habebewi jembe wala mifugo anayoihitaji kulimia. Maana yake mfanyabiashara aliyeshindwa kurudisha mkopo mkubwa alikuwa na ulinzi wa sufuria yake, ilhali mkulima aliyechelewesha kodi ya maendeleo aliweza kuona sufuria inaondoka kwapani mwa mgambo, bila hakimu, bila orodha, na mara nyingi bila risiti.

Watafiti Odd-Helge Fjeldstad na Joseph Semboja walikwenda Kibaha na Kilosa katika miaka ya 1990 kuuliza swali ambalo halmashauri hazikuwa na muda nalo: kwa nini watu wanalipa, au hawalipi? Walikuta watu wanalipa zaidi wanapoona uwezekano wa kukamatwa ni mkubwa, na wanakwepa zaidi wanapoona zahanati haina dawa na watoza kodi si waaminifu. Walikuta pia mzunguko unaojilisha. Kadiri makusanyo yalivyoshuka, halmashauri iliongeza nguvu. Kadiri nguvu ilivyoongezeka, watu waliona wanaibiwa. Na sehemu kubwa ya kilichopatikana ilirudi kulipa mishahara ya waliokwenda kukikusanya. Fungu la jumbe, kwa maneno mengine, lilikuwa limekua mpaka likamaliza chungu.

Kodi ya maendeleo ilikufa kwa hotuba. Juni 2003 Waziri wa Fedha, Basil Mramba, alisoma bajeti na kuifuta kuanzia Julai mwaka huo, pamoja na rundo la ushuru mdogo mdogo uliokuwa umebandikwa jina la kodi za kero. Halmashauri ziliahidiwa ruzuku ya kufidia. Madiwani walilalamika, na walikuwa na hoja: baraza linaloishi kwa ruzuku linamsikiliza anayetoa ruzuku. Lakini hakuna diwani aliyepata ujasiri wa kusimama gulioni na kuomba kamba irudishwe barabarani.

Waganda walipita njia hiyohiyo, kwa kelele zaidi. Makubaliano ya Buganda ya mwaka 1900 yaliweka kodi ya nyumba ya rupia 3, baadaye ikageuka kodi ya kichwa inayopanda kulingana na uwezo, na wanaume walilala kwenye mashamba ya migomba kukwepa misako ya alfajiri. Uchaguzi wa mwaka 2001 uliipunguza kwa wenye kipato cha chini kabisa hadi shilingi 3,000 za Uganda. Uchaguzi uliofuata, wa 2006, ulikuta imeshafutwa. Sanduku la kura lilifanya kwa miaka mitano kazi ambayo vichaka vilishindwa kuifanya kwa miaka mia moja.

Iliyobaki Tanzania ni kodi ya majengo, na hapo historia inarudi ilikoanzia, kwenye nyumba. Kwa miaka mingi ilikuwa jambo la manispaa na la wenye nyumba zilizothaminiwa, wengi wakiwa Dar es Salaam na miji mikubwa. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa kwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka uliofuata foleni za wazee wenye hati na bahasha zilizunguka ofisi zake. Hatimaye kiwango kikawa kimoja kwa nyumba za kawaida, kingine kwa ghorofa. Thamani haikupimwa tena. Jumba la vyumba kumi huko Mbezi na nyumba ya vyumba viwili Mbagala zililingana. Wapare wa 1945 wangeielewa hoja hiyo.

Kisha Agosti 2021 mkusanyaji akaingizwa ndani ya ukuta. Nyumba ya kawaida ilianza kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ghorofa 5,000 kwa kila sakafu, kupitia LUKU, mita ile ya umeme wa kulipia kabla. Tangu 2023 ni 1,500 na 7,500. Hakuna barua ya madai wala mgambo, na hakuna mbwa wa kubweka. Mtu ananunua umeme wa shilingi 5,000 usiku wa mwisho wa mwezi, anaona uniti zimepungua, na ameshalipa.

Aliyelipa, hata hivyo, ni nani? Kodi ni ya mwenye jengo, lakini mita iko mikononi mwa anayewasha taa, na mjini anayewasha taa mara nyingi ni mpangaji. Wiki za mwanzo zilijaa maswali ya namna hiyo. Wenye mita tatu kwenye nyumba moja walikatwa mara tatu na kutakiwa wakajieleze. Wapangaji waliambiwa wakatane hesabu na wenye nyumba kwenye kodi ya pango. Ni ushauri mwepesi kutolewa na mtu asiyewahi kudai shilingi 1,500 kutoka kwa baba mwenye nyumba anayeishi chumba cha mbele, na ambaye mwezi ujao ndiye atakayeamua kama pango linapanda. Kudaiana ambako zamani kulikuwa kati ya jumbe na kijiji sasa kuko kati ya chumba na chumba, uani, karibu na kamba ya nguo.

Sheria ina msamaha wake. Mzee wa miaka 60 na zaidi anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe hadaiwi. Na katika maelezo ya jengo linalotozwa, imeandikwa wazi kwamba haihusu kibanda cha udongo, nyumba ya nyasi, wala nyumba nyingine ya makazi ya aina hiyo. Kile kibanda ambacho Liebert alikitoza rupia 3 mwaka 1898, kikamleta akida, askari na mnyororo, leo kinaruhusiwa kusimama bila kudaiwa.